Waziri wa Maji Ananawa

Nchi inayosimuliwa hapa haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utajichosha bure, na kama njiani utakutana na nchi inayofanana nayo mto kwa mto na waziri kwa waziri, hilo ni jambo lako na ramani yako, msimulizi hayumo. Inaitwa Jamhuri ya Heko, kwa sababu wananchi wake hupongezwa mara nyingi kuliko wanavyokula.

Mashariki mwa Heko unapita Mto Luvembe, na kuvuka mto kuna nchi jirani ambayo kwa mujibu wa sheria haina jina. Huitwa Ng'ambo, basi. Mpaka unapita katikati ya mto. Maji ya upande wa huku yalihesabiwa kuwa maji ya uraia, na ya upande wa kule yalikuwa maji ya kigeni. Tatizo ni kwamba maji, kwa utovu wake wa nidhamu unaojulikana, yalikuwa yakihama upande wakati wowote yanapotaka bila kugongewa muhuri.

Kazi ya kuyatia adabu alipewa Mheshimiwa Daktari Gwandumi Tarimbo, Waziri wa Maji, Mipaka na Uhusiano Mwema. Udaktari wake alitunukiwa na chuo alichokifungua yeye mwenyewe, asubuhi ile ile ya kukifungua. Huyu bwana alikaa akafikiri. Ikiwa mpaka uko katikati ya mto, akasema, basi mto ukipanuka upande wa kule, katikati nayo itasogea upande wa kule, na nchi itakua bila kufyatua risasi hata moja. Baraza la Mawaziri lilisimama likapiga makofi.

Hivyo mchana mmoja malango yote ya Bwawa la Heshima, lililo juu ya mto, yalifunguliwa kwa mkupuo. Watu wa mtoni hawakuambiwa, maana ilikuwa siri ya taifa. Maji yakashuka na magogo na mawe, yakaula ukingo wa Ng'ambo, na kwa kuwa hayakusoma mpango wa wizara, yakaula na ukingo wa huku pamoja na nyumba zake. Jamhuri ya Heko ikaongezeka hatua kadhaa za tope. Tarimbo akavikwa nishani ya Mpanuzi wa Taifa.

Wakati malango yanafunguliwa, Bi. Havijawa binti Mkwela alikuwa mtoni analoweka mihogo.

*

Maiti yake iliokotwa ukingo wa kule na mwanamke mmoja wa Ng'ambo, Bi. Tamari, aliyekuwa ametoka kuangalia kama mchicha wake umesalia. Binti pekee wa marehemu, jina lake Sikitu, alipopata habari alikwenda mbio mpaka Kituo cha Mpaka akiwa na kanga mbili na jamvi.

"Nimekuja kumchukua mama yangu," akamwambia afisa.

"Yuko wapi?"

"Ng'ambo. Amekufa maji."

"Pole sana dada yangu. Alivuka na hati gani?"

"Afande, alisombwa na mafuriko."

"Nimekuelewa vizuri. Ndiyo nauliza, alisombwa na hati gani?"

Sikitu alimtazama. Yule afisa hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa na kalamu tu, na alitaka kuitumia.

"Basi tatizo liko hapo," akaendelea kwa upole. "Mtu aliyetoka bila hati hawezi kurudi bila hati. Angekuwa hai tungemkamata. Sasa amekufa, tunamkamataje? Tukimwingiza hivi hivi tutakuwa tumevunja sheria mbili kwa maiti moja."

Akamwandika marehemu kuwa mhamiaji haramu kwa njia ya maji. Bi. Havijawa akazikwa huko huko Ng'ambo na mtu asiyemjua, na mwanawe akarudi nyumbani na kanga zake mbili zikiwa bado zimekunjwa. Kesho yake Tarimbo alisikika redioni, sauti yake nene ikiwa imejaa majonzi ya kiserikali: "Napenda kuwahakikishia wananchi kwamba hakuna Mheko hata mmoja aliyekufa ndani ya mipaka ya nchi yetu. Hao wanaosemekana kufa walifia ugenini, kwa sababu zao binafsi."

Tangu siku hiyo Sikitu alikuwa na haja moja tu duniani. Hakutaka fidia, hakutaka mnara. Alitaka kinywa kile kile kilichosema redioni kitaje jina la mama yake, kwa sauti, na kiseme kilimfanya nini. Na alitaka kimkauke kwanza. Lililokuwa moyoni mwake lilikuwa kisasi, na hakuona haya kuliita hivyo.

*

Watu wa Luvembe, wa kingo zote mbili, wana desturi ambayo ni ya zamani kuliko mpaka. Mtu akiuawa na mtu, wafiwa huteka maji ya mto, huyatia kwenye beseni, hutupia kiganja cha majivu, na huliweka beseni mahali peupe. Aliyeua, moyo ukimsuta, huja kunawa mikono mbele ya watu. Huulizwa mara moja tu kama ananawa kwa hiari yake. Akishanawa, kifo ni chake. Kuanzia hapo hakuna Mluvembe atakayempa maji, wala kumuuzia, wala kumchotea, mpaka amwendee aliyezika, aulize jina la marehemu, kisha arudi alitaje mbele ya kingo mbili na kusema alichokifanya. Hapo mfiwa humpa kikombe kimoja cha maji kwa mkono wake mwenyewe. Mtu halazimishwi kunawa, na ndiyo maana wakubwa walikuwa hawajawahi kunawa.

Sasa, baada ya mto kupanuliwa, Waluvembe walioachwa bila nyumba walihamia Hekoni, mji mkuu. Wakawa wapishi, wahudumu wa mikahawa, madereva wa wakubwa, wauza duka, na wanawake wanaozungusha maji ya ndoo kutoka nyumba hadi nyumba. Hekoni nzima ikawa inakunywa kutoka mikononi mwao bila kuwauliza wametoka wapi.

Sikitu naye alihamia huko. Alikuwa mpiga video za harusi, na akiwa mjini akaanza kutengeneza video za namna nyingine: picha kubwa zinazotembea kwenye kuta zote za chumba, ukiingia unasimama katikati yake kama uliyesimama mtoni. Majirani waliziita sinema isiyo na steringi. Wafadhili kutoka nchi za mbali, watu wenye huruma nyingi na maji ya wenzao, waliziita sanaa. Nao ndio waliotangaza kwamba wangekuja Hekoni kwa mkutano mkubwa juu ya maji, mipaka na jinsi watu wanavyounganishwa, na kwamba wangependa sana kuona kitu ukutani.

Wizara ya Maji ilikuwa na uzio wa seng'enge katikati ya mto, lakini haikuwa na kitu ukutani. Ikamwita Sikitu.

Alikwenda akiwa tayari ameshajua atakachokifanya, kwa sababu alikuwa amemchunguza Tarimbo kwa miaka. Mheshimiwa huyu alikuwa na udhaifu mmoja: hakuweza kuona sherehe akaipita. Hakuwahi kuona utepe akaacha kuukata. Iliwahi kutokea akashuka garini akakata utepe wa polisi uliozungushiwa mahali pa ajali, akapiga makofi, akatoa hotuba fupi, akaondoka. Na penye birika na beseni la kunawisha wageni, mikono yake ilikuwa ikijinyoosha yenyewe.

*

Kabla ya kuonyeshwa, kazi ya Sikitu ilipelekwa mbele ya Kamati ya Ukaguzi wa Picha Zenye Maji. Wajumbe walikaa gizani wakatazama Mto Luvembe ukipita kwenye kuta tatu.

"Simamisha," akasema mwenyekiti. "Haya maji yanakwenda wapi?"

"Yanateremka, Mwenyekiti. Ndiyo mto ulivyo."

"Yanatoka kwetu?"

"Yanapita kwetu."

"Yanaondoka!" mwenyekiti akang'aka. "Mbele ya wafadhili, maji yanaonekana yanaikimbia nchi! Yageuze."

Sikitu akairudisha picha kinyumenyume. Mto ukapanda mlima, ng'ombe akatembea kwa makalio, na mwanamke mmoja akachota maji kutoka kwenye ndoo akayarudisha mtoni. Wajumbe wakapiga makofi. Walisema hiyo ndiyo maana halisi ya uhifadhi.

Kisha akaja samaki. Alitokea kushoto, akapita mstari wa katikati, akaendelea zake.

"Uraia wake?" akauliza mjumbe mmoja.

Haukujulikana. Samaki akakatwa kwenye picha.

"Na hiyo sauti?"

"Chura, Mwenyekiti. Analia."

"Analia nini? Nani kamwonea?"

Chura naye akaondolewa. Likabaki beseni. Sikitu akawaeleza kwa sauti laini, akijitia mjinga, kwamba beseni la maji ya mto litawekwa katikati ya ukumbi juu ya kigoda, na kamera itaning'inia juu yake. Mgeni rasmi atanawa, na picha ya mikono yake itaonekana papo hapo kwenye kuta zote, na pia kwenye shuka kubwa zitakazotundikwa kwenye kingo mbili za mto, huku na Ng'ambo, kuonyesha kwamba maji ni mamoja.

"Mikono ya Mheshimiwa itakuwa mikubwa kiasi gani?" mwenyekiti akauliza.

"Mmoja utajaza ukuta."

Wajumbe wakanong'ona. "Ongeza kidogo," akasema mwenyekiti. "Na haya majivu ndani ya maji?"

"Ni uasilia."

"Aa, uasilia! Wafadhili wanaupenda sana huo."

Kazi ikagongwa muhuri wa *Haina Madhara*. Na kibali cha kutundika shuka upande wa Ng'ambo, kitu ambacho mfiwa hakuwahi kukipata ili avushe maiti, kilitoka kabla chai haijapoa, kwa kuwa wizara ilitamani Ng'ambo wauone mkono wa Tarimbo.

*

Ufunguzi ulifanyika asubuhi, jua likiwa tayari kali. Ukumbini walijaa mawaziri, wafadhili waliovaa vitenge vipya, na wahudumu waliobeba sinia za maji baridi. Kwenye ukuta wa kushoto walionekana, kwa kamera zilizowekwa mtoni, watu wa ukingo wa huku, na kwenye ukuta wa kulia watu wa Ng'ambo, wakitazama shuka zao kimya. Mbele yao alisimama mwanamke mrefu mwenye jembe begani. Sikitu alijua ni Bi. Tamari, ingawa hawakuwahi kukutana.

Hofu yake haikuwa kwamba Tarimbo angegundua. Aliogopa kwamba angekataa.

Tarimbo alipanda jukwaani na mkewe, Bi. Mwasiti. Mama huyu alikuwa Mluvembe, jambo ambalo wizara ilimwomba alisahau alipoolewa. Mafuriko yalikuwa yamemchukua mdogo wake wa kiume, naye alikatazwa kuweka matanga kwa sababu yangechafua sherehe za nishani.

"Maji ni maji!" Tarimbo akanguruma. "Mpaka ni mpaka! Lakini maji ya mpakani, ndugu wageni waalikwa, ni mpaka wenye maji!"

Makofi yakarindima. Akaendelea hivyo mpaka kola ikalowa jasho, kisha macho yake yakaangukia beseni. Akamgeukia mkewe.

"Hiki nini tena? Mbona kuna majivu?"

Bi. Mwasiti aliliangalia beseni. Watu wote wa mtoni walioko ukumbini, waliobeba sinia na waliosimama milangoni, walimwangalia yeye. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu na mumewe angeokoka.

"Uasilia, Baba Tumsifu," akasema. "Nawa."

Mikono ikajinyoosha. Sikitu akasogea mbele, na sauti yake ikatoka imara kuliko alivyotegemea.

"Mheshimiwa, unanawa kwa hiari yako?"

Lilikuwa swali la kuambatana na sherehe, na Tarimbo hakuwahi kujibu swali la sherehe kwa neno moja. Akavuta pumzi, akainua kidevu kuelekea kamera.

"Nanawa kwa hiari yangu! Nanawa kwa niaba ya Baraza zima la Mawaziri! Nanawa kwa niaba ya serikali hii, wakubwa wake na wadogo wake, waliopo na watakaokuja!"

Akachovya. Ukutani kote ikatanda mikono mikubwa minene, pete zikimetameta, majivu yakizungukazunguka vidole. Huko mtoni, kwenye kingo mbili, watu waliiona mikono hiyo juu ya shuka. Hawakupiga makofi. Walikaa chini, kama watu wanavyokaa msiba unapotangazwa.

Tarimbo akajifuta, akanyoosha mkono kwa mhudumu wa karibu. "Haya, lete maji ninywe."

Mhudumu akaiweka sinia sakafuni na kutoka nje. Wa pili naye akaiweka yake. Ukumbi mzima zikasikika sinia zikitua moja baada ya nyingine, na walinzi wa Kiluvembe wakayamwaga maji yote kwenye vyungu vya maua. Wafadhili walidhani ni sehemu ya sanaa. Walisimama wakapiga makofi kwa muda mrefu, na mmoja wao akatokwa na machozi.

*

Garini, Tarimbo alimwomba dereva chupa yake. Dereva akaiweka chini ya makalio akaendesha. Nyumbani akaita jikoni. Mpishi akajibu kwa heshima zote kwamba samahani, Mheshimiwa umenawa msiba.

"Mwasiti! Nipe maji, mke wangu!"

"Siwezi, Baba Tumsifu. Nenda ukatafute jina."

"Jina la nani?"

"Hapo sasa," akasema Bi. Mwasiti, akaendelea kusuka ukili wake.

Basi Waziri wa Maji akaamua kujichotea mwenyewe. Alizunguka nyumba nzima akilitafuta bomba, kwa kuwa hakuwahi kuhitaji kujua lilipo. Alipolipata na kulifungua, lilikoroma likatoa hewa na mjusi. Ndipo alipogundua kwamba mabomba ya Hekoni yalikuwa makavu tangu aingie wizarani, na kwamba wale wanawake wenye ndoo vichwani waliokuwa wakija kwake kila asubuhi, ambao yeye huwapungia mkono akidhani ni wapenzi wa chama, ndio waliokuwa wakimletea maji.

Madukani aliambiwa zimeisha, huku chupa zimepangwa nyuma ya muuzaji mpaka darini. Alikwenda kwenye mkahawa akaagiza supu, akaletewa nyama kavu kwenye sahani. Na kwa kuwa alinawa kwa niaba ya serikali, serikali nayo ikabanwa. Waziri wa Fedha alikutwa akilamba ukungu kwenye dirisha la gari. Waziri wa Afya alishauri umma kwamba maji si ya lazima. Mkuu wa Nchi mwenyewe, katikati ya hotuba ya kuwapongeza wananchi, ulimi ulimganda kwenye kaakaa na pongezi ikaishia katikati, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu uhuru.

Habari hizi zote zilimfikia Sikitu kupitia kwa wapishi na madereva. Alizisikiliza akitabasamu, akaomba zirudiwe. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, chakula kilikuwa na ladha mdomoni mwake.

Baada ya kuhangaika sana, Tarimbo akaja kwake. Midomo ilikuwa imepasuka na ile sauti nene imebaki mkwaruzo. Alisimama kati ya mashine za kuonyeshea picha kama mtu aliyepotea stoo.

"Binti yangu," akasema, "tunakupa nishani. Mama wa Sanaa."

"Mama ninaye. Ulimwua."

"Serikali haiui. Serikali hufungua malango."

"Basi kunywa nishani yako."

Akaketi juu ya sanduku. "Niambie hilo jina. Nimeagiza litafutwe kila ofisi. Hakuna. Wote waliokufa siku ile hawakufa, tuliwaondoa. Niambie nilitaje, yaishe."

"Mimi ni mfiwa, sikwambii. Kamuulize aliyemzika."

"Yuko Ng'ambo!"

"Ndiyo."

"Kwani unataka nife?"

"Ndiyo," akajibu Sikitu, na halikumtoka kwa bahati mbaya. "Nimetaka hivyo kwa muda mrefu. Lakini ukifa hutasema."

*

Kituo cha Mpaka kilikuwa pale pale, na afisa alikuwa yule yule. Tarimbo alifika amejikongoja, Sikitu nyuma yake na kamera begani.

"Sababu ya safari?" akauliza afisa.

"Kuuliza jina la marehemu."

"Hiyo haimo. Kuna biashara, matibabu na kuhudhuria sherehe."

"Wewe! Hunijui mimi ni nani?"

"Nakujua, Mheshimiwa, kanuni ni zako hizi. Na midomo yako naiona. Mtu mwenye kiu haruhusiwi kuvuka, uliandika mwenyewe. Anaweza kunywa maji ya kigeni."

Tarimbo alijaribu kutema mate kwa hasira, hayakuwepo. Ikabidi apigiwe simu Mkuu wa Nchi. Kiu ilikuwa imemfupishia maneno mzee yule, naye ambaye hakuwahi kutoa amri isiyo na vifungu na vijifungu akasema tu, "Fungueni." Hakusema wafungue nini, wala wamfungulie nani. Afisa, aliyezoea kutii neno kama lilivyo, akafungua lango, akafungua uzio, akakata seng'enge kuanzia bondeni mpaka kwenye kona ya mto. Na Waluvembe, waliokuwa wamejaa ukingoni tangu alfajiri, wakaingia majini wakavuka. Watu waliokuwa wakipungiana mikono kwa miaka walikumbatiana wakiwa wamelowa mpaka kiunoni.

Sikitu alivuka akimwacha Tarimbo nyuma. Bi. Tamari alimpokea bila maneno mengi, akamwongoza hadi pembeni ya shamba. Kaburi lilikuwa limepaliliwa na kuzungushiwa mawe.

"Nilimwosha mwenyewe," akasema Bi. Tamari. "Nikamvisha kanga yangu. Jina nilielezwa na wenzake waliopiga kelele kutoka ule upande wenu, nikalishika. Nililisema kila nilipopalilia, lisije likapotea."

Sikitu akapiga magoti akalia kwa sauti, kilio alichokibana tangu siku ile ya afisa na kalamu yake. Alilia mpaka koo likamuuma, na Bi. Tamari akakaa naye chini kwenye udongo akimpapasa mgongo. Alipoinua uso, alidhani labda sasa hasira itakuwa imepungua. Aliipima. Ilikuwa pale pale, nzima, na akafurahi kuikuta.

Tarimbo akafika akihema. "Nipe jina," akamwambia Bi. Tamari.

"Hivyo ndivyo mnavyobisha hodi huko kwenu?"

Ikabidi arudi mpaka mwisho wa shamba, apige hodi, asalimie, avue viatu, aketi chini mbele ya kaburi, ndipo aulize. Bi. Tamari akamwambia mara moja tu, akamtaka alirudie. Kisha wakamshusha mtoni.

Alisimama ndani ya maji mpaka magotini, maji yamemzunguka pande zote, na jicho lake likiyakodolea. Akainama ghafla ayanywe. Mikono kumi ikamshika mabega ikamsimamisha wima. Kamera ya Sikitu ilikuwa inawaka, na sura ya Tarimbo ikatokea kwenye shuka za kingo mbili, na kule Hekoni kwenye kuta za wizara yake, ambako Baraza la Mawaziri lilikuwa limekaa likimtazama mdomo.

"Havijawa," akasema. "Havijawa binti Mkwela."

"Ulimfanya nini?" akauliza Sikitu nyuma ya kamera.

"Nilifungua malango."

"Ulijua kuna watu?"

Mto ukaendelea kupita kati ya miguu yake.

"Nilijua," akasema. "Ilikuwa saa ya kuloweka mihogo. Niliambiwa. Nikasema maji hayasubiri. Halafu nikasema hakufa."

Sikitu alikuwa ameota siku hii mara nyingi, na katika ndoto zake aliangua kicheko. Sasa hakucheka, aliliacha jina lile limwingie masikioni, kutoka kinywa kile, mpaka likaisha. Lilikuwa tamu. Kisha akatimiza desturi. Alichota kikombe kimoja cha maji ya Luvembe, akamsogelea, akamkabidhi mkononi. Tarimbo akayagida yote, mengine yakimwagikia nishani, akafuta mdomo na kuanza kupata tena kidevu chake cha zamani.

"Basi," akasema. "Yamekwisha. Napenda sasa kuchukua nafasi hii kuwashukuru..."

"Mheshimiwa, hicho kikombe ni cha jina moja," akamwambia Sikitu.

Akamshika bega akamgeuza. Kwenye ukingo wa huku na ukingo wa kule, kuanzia alipokuwa amesimama hadi mto unapokata kona na kuzidi, watu walikuwa wamejipanga. Bi. Mwasiti alikuwa wa kwanza, kitambaa cha matanga kichwani. Kila mmoja wao alikuwa ameshika beseni, na majivu yalikuwa yameshatiwa.

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda. Sikitu akabadilisha betri ya kamera, akaiweka begani vizuri, akarekebisha picha mpaka ule uso mnene ukajaa kwenye kioo.

"Anayefuata," akasema.